Mteja Asiyepumua

Nimeshonea watu wa kila namna. Nimeshonea mabibi harusi waliokuwa wakinenepa kila wiki huku mama zao wakiniapia kwamba futi yangu ndiyo iliyosinyaa. Nimeshonea wanafunzi wa Selly Oak waliotaka vazi la sherehe moja tu, na bwana mmoja aliyetaka suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, kwa sababu ndivyo miguu yake ilivyokuwa. Lakini mteja niliyeletewa majira ya baridi yaliyofuata baada ya kiwanda cha magari cha Longbridge kufungwa alikuwa wa aina yake. Alikuwa hajafika Birmingham. Hakuna mtu aliyekuwa amempima. Alikuwa na mikono minne, na alikuwa jiwe.

Aliyemleta ni jirani yangu wa nyumba ya pili hapa Sparkbrook, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Mtaa mzima tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu wake, maana kwa Kigujarati ndivyo mama anavyoitwa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na ubahili wa sukari usio na mfano. Chai ya kwake ilikuwa nzito, ya tangawizi, na chungu. Mimi ni mtu wa Tanga, na sisi wa Tanga tuna kiburi cha lugha, hivyo Kiswahili chake kilikuwa kinanikereketa. Kila kitu kwake kilikuwa "hii" au "ile", kiwe kiti, awe mtu, iwe mvua. Lakini alikisema bila woga, na alikisema kila siku, tofauti na watoto wangu wa kuzaa waliokuwa wakielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza.

Aliingia sebuleni kwangu, ambako ndiko kulikuwa duka na karakana, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kuvua koti.

"Fundi," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina jingine. "Wewe tashona nguo ya Mataji. Mimi takaa hapa nasema, wewe nakata."

"Mataji ndiye nani?"

"Lakshmi. Nakuja na meli kutoka Jaipur. Hekalu yetu mpya, ile ya button factory."

Nililijua jengo lenyewe. Wahindi wa pande zetu, wale waliotoka Kenya na Uganda, walikuwa wakiabudu miaka mingi kwenye vyumba vya mbele vya nyumba za watu, kisha wakanunua kiwanda cha zamani cha vifungo na kukigeuza hekalu. Sasa walikuwa wameagiza sanamu kubwa ya marumaru ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na riziki. Tangu alipofika Uingereza Ba ndiye aliyekuwa akishona nguo za sanamu zao ndogo, sketi na blauzi na shela, kila sikukuu nguo mpya. Lakini presha ya macho ilikuwa imemla uoni wake kidogo kidogo. Kufikia mwaka ule alikuwa anaona rangi na mwanga, basi. Sikukuu iliyotangulia alishona sketi yenye pindo lililopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na watoto wakacheka mbele ya watu.

Mwenyekiti wao, mwuza dawa mwenye asili ya Kampala, mtu mpole asiyependa kelele, akaona heri nguo ziagizwe India zikiwa tayari. Ba akapigana naye. Mwishowe wakakubaliana hivi: nguo ya Mataji mpya atashona Ba, lakini nyingine itaagizwa na kukaa kwenye pakiti yake. Siku ya kumvisha, ya Ba isipokaa sawasawa, pakiti itafunguliwa. Na kuanzia hapo zitakuwa pakiti siku zote.

"Committee nasema Ba apumzike," akaniambia. "Mimi tapumzika nikifa. Hii kazi ndiyo iko yangu. Bila hii mimi ni mzee moja tu nakaa kwa kiti."

Nikamwambia kwetu tunasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaniomba nirudie, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Baadaye nilisikia kwamba alimwambia mwenyekiti vilevile, neno kwa neno, katikati ya mkutano.

Nyumbani kwangu haikuwa rahisi hivyo. Mume wangu alikuwa mmoja wa wale waliotoka Longbridge na sanduku la vifaa mkononi, na mwanamume aliyekaa nyumbani bila kazi huona mambo ambayo zamani hakuyaona.

"Umekosa wa kumshonea Birmingham nzima," akasema, "mpaka ushonee sanamu?"

Nilikasirika, na nikikasirika husema haraka. Nikamwambia namshonea Ba. Ba ni jirani, na haki ya jirani yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watoto. Akaniambia basi nikaulize msikitini. Sikwenda kuuliza, maana nilijua ukiuliza utajibiwa. Lakini sikulala vizuri, na kesho yake nikamwekea Ba masharti: nitashona, lakini sitainama mbele ya sanamu wala sitaivisha ikisha kuwa mungu wenu.

"Nani nasema wewe inama?" akasema Ba. "Inama juu ya cherehani."

Basi tukaanza. Jambo la kwanza fundi anataka vipimo. Mwenyekiti alikuwa amempigia simu mchongaji kule Jaipur akamwomba vyote: kifua, kiuno, urefu wa mkono, mabega. Mchongaji akampa kimoja tu. Uso, kutoka mwanzo wa nywele mpaka kidevuni, inchi sita. Mwenyekiti akasubiri vingine. Mchongaji akasema vingine havina haja, wenye kujua watajua, akakata simu.

Mimi nilitaka kutukana. Ba alipiga makofi kama msichana.

"Nafanya kama baba yangu!" akasema. "Hii mtu iko sawa."

Ndipo akanieleza. Baba yake alikuwa mchongaji wa sanamu za ibada, mtu wa ukoo wa wachongaji, aliyeletwa Kisumu kufanya kazi hekaluni. Ba alikua ameketi katika vumbi jeupe la uani kwake. Kila asubuhi baba yake alioga, akaketi chini akiwa amefumba macho, akasoma kwa moyo ubeti wa mungu aliyekuwa akimchonga. Kila mungu ana ubeti wake: rangi ya ngozi yake, mikono mingapi, kila mkono umeshika nini, amesimama juu ya nini, anatazama kwa huruma au kwa hasira. Aliurudia mpaka maneno yakasimama mbele yake yakawa mtu. Siku ambayo mtu huyo hakuja, patasi haikuguswa, hata matajiri waliomwajiri wapige kelele mlangoni. Na alipokwisha kumwona, akageukia maandiko mengine, makavu, yasiyo na huruma wala hasira, ya vipimo. Moyoni aone kadiri atakavyo, lakini mkono usiongeze hata unene wa punje ya shayiri.

Wasichana hawakufundishwa. Lakini nani ataziba masikio ya mtoto anayecheza uani? Ba alikuwa nayo yote kichwani, ya huruma na ya vipimo, na hakuwahi kuchonga hata kidole.

Kipimo ni uso. Sanamu ya mungu wa kike kama huyu ni nyuso tisa tangu mwanzo wa nywele hadi unyayoni. Uso wenyewe ni mmoja. Kutoka kooni mpaka kifuani uso mmoja, kifuani mpaka kitovuni mmoja, kitovuni mpaka penye siri ya mwanamke mmoja. Paja nyuso mbili, mguu wa chini nyuso mbili. Nikahesabu nikapata nane, nikamwambia Ba amepunja. Akaninyooshea kidole. Shingo theluthi ya uso, goti theluthi, wayo theluthi. Hizo tatu ukizikusanya ndiyo ya tisa. Nikaacha chaki nikamtazama. Nimekaa na futi shingoni tangu nikiwa msichana na sijawahi kusikia mwili ukihesabiwa kwa uzuri namna ile.

Tukatandaza karatasi ya ukutani sakafuni, upande mweupe juu. Ba alisoma ubeti kwa sauti ya kuimba, kwa lugha ambayo sikuielewa hata neno, kisha akautafsiri kwa Kiswahili chake cha hii na ile, nami nikachora. Bega kutoka hapa hadi hapa. Kiwiko usawa wa kitovu. Mikono miwili ya nyuma imepanda, kila mmoja umeshika yungiyungi. Ya mbele mmoja unatoa, mwingine umeinua kiganja kusema usiogope. Nilipomaliza nilipanda juu ya kiti nikatazama chini. Pale sakafuni, kwenye mkeka wangu, katikati ya cherehani na hita, alikuwa amelala mwanamke aliyekamilika, na mimi sikuwa nimeona hata picha yake. Alikuwa ametoka katika maneno matupu.

Binti yangu akarudi shuleni, akasimama mlangoni.

"Mum, who's that? She's got, like, four arms."

"Ni mteja," nikasema. "Usimkanyage."

Nilifikiri sana siku zile, mguu ukiwa kwenye cherehani. Sisi Waislamu tunaogopa kuchora sura za viumbe, kwa hiyo maneno tumeyaweka ukutani yenyewe, yameandikwa kwa dhahabu, na hayo ndiyo mapambo yetu. Na sisi wanawake wa pwani hata nguoni tunavaa maneno. Kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Wao maneno yao hayaonekani. Yameingia ndani ya jiwe yakapotelea huko, na kinachobaki nje ni bega, goti, kidole. Lakini anayejua husoma. Ba alikuwa akimsoma mtu yule kama mimi ninavyosoma kanga ya jirani anayenipita bila salamu. Sikubadili dini kwa kufikiri hivyo, ila heshima iliniingia na haijatoka.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria zake. Mimi nina tabia ya mafundi wote: pini naziweka mdomoni, na uzi naulamba kabla ya kuutia kwenye tundu la sindano. Ba alikuwa haoni, lakini alisikia.

"Fundi! Toa mdomo!"

Kitu kilichoguswa na mate hakitolewi kwa mungu. Ilinibidi nijifunze upya kutia uzi, kwa vidole vikavu, kama mwanafunzi. Pini nilizichoma kwenye kifua cha sweta langu. Wala usile chumbani penye nguo ile, wala usiitupe chini. Alitaka pia nioge kabla ya kuketi kazini, hapo nikamwambia atulie, mimi udhu ninao, na udhu wangu ni mara tano kwa siku. Akakubali kwamba hilo linatosha.

Hariri tuliinunua Ladypool Road, nyekundu iliyoiva, kipande cha mwisho cha jora, pamoja na utepe wa zari wa kuzungushia. Sketi haikunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye blauzi, yenye mikono minne na kufungwa mgongoni kwa kamba. Ba alinipa upana wa kifua na unene wa ubavu, nami nikatafuta mzunguko kwa hesabu zangu. Sasa, kwa mtu aliye hai, fundi huongeza nafasi. Vidole viwili hivi, ili mtu apumue, acheke, ale pilau. Nikajisemea, huyu ni jiwe. Jiwe halili wala halicheki. Nikakata ikabana barabara, isiwe na ulegevu hata wa uzi mmoja, ili ikae kwenye marumaru kama ngozi. Nilijiona mjanja kupindukia, wala sikumwambia Ba.

Meli ilichelewa. Kreti ilifika hekaluni asubuhi ya siku iliyotangulia sherehe, na tukaitwa. Jengo lilikuwa limepakwa chokaa na kunukia ubani, lakini kwenye nyufa za sakafu bado uliona vifungo vidogo vya lulu ambavyo hakuna ufagio uliwahi kuvitoa. Mafundi wakafungua mbao, wakaondoa majani makavu na blanketi. Alikuwa mweupe, wa kimo cha mtoto mkubwa, na macho yake yamefungwa kitambaa.

Sikuweza kujizuia. Nikatoa futi. Nyuso tisa. Kutoka kooni mpaka kifuani, uso. Paja, mbili. Goti, nikapima mara mbili, theluthi. Yule bwana wa Jaipur na huyu bibi wa Sparkbrook hawajawahi kuonana, yeye ameshika patasi na huyu ameshika kumbukumbu, na futi yangu ya plastiki haikupata tofauti kati yao. Machozi yalinilenga, nasema kweli. Nilimshangaa mchongaji, nikamshangaa Ba, na nikajishangaa mimi niliyekuwa nimesimama katikati yao.

Kuhani wao, pandit, alituambia tumguse tu, hakuna ubaya. Kesho, atakapomwomba mungu aingie na kumfungua macho, hapo hataguswa na mtu mwingine. Leo ni jiwe. Nikafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze dini zetu mbili zilikuwa zimekubaliana jambo.

Nikampitisha mikono, ile ya nyuma kwanza. Ikaingia vizuri. Bega likakaa, shingo ikakaa. Nikazunguka nyuma kuvuta kamba, na haikufunga. Nikavuta tena. Kati ya upande na upande palibaki uwazi wa vidole vitatu, marumaru inanichekea katikati.

Mwenyekiti akatoka akarudi na pakiti. Hakuwa na furaha usoni, nitamtetea kwa hilo. Aliishika kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Ba," akasema taratibu, "tumejaribu."

Nilimtazama Ba. Alikuwa amesimama wima, mdomo umekaza, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Kisha akasogea mpaka kwenye sanamu, akaingiza mikono yake miwili chini ya blauzi yangu, akaanza kumpapasa. Kutoka kooni, mfupa wa bega, mbavu, akashuka tumboni, akarudi juu. Akasimamisha mikono pale pale ubavuni.

"Fundi," akasema, "iko pumzi."

"Pumzi gani, Ba?"

"Yeye navuta pumzi. Wewe acha nafasi?"

Nikamwambia sikuacha, kwa sababu jiwe halipumui. Akacheka, si kwa furaha. Akaniambia baba yake, alipofika kwenye kifua, aliweka patasi chini, akasimama, akavuta hewa mpaka kifua kikajaa na tumbo likalainika, akaishika, akajipapasa kama yeye alivyokuwa akipapasa sasa, ndipo akachonga. Maandiko yao yanataka hivyo: sanamu ionekane kama inapumua. Yenye kifua kilichoanguka ni maiti, na hakuna anayemkaribisha maiti nyumbani. Upana ni uleule, nyuso ni zilezile. Ila mbavu zimefunguka, kwa sababu aliye ndani ameshika pumzi anangoja.

Nami nilikuwa nimemkatia maiti sanda. Ukupigao ndio ukufunzao.

"Hariri nyingine iko?" akauliza Ba.

"Hakuna. Tulichukua mwisho wa jora."

Mwenyekiti alikuwa tayari ameanza kuchana gundi ya pakiti. Ba hakumsikiliza. Vidole vyake vilikuwa bado ndani ya nguo, vinatembea juu ya mshono wa ubavuni, vikafika mahali vikasita.

"Hii nini hapa ndani?"

Hapo nikakumbuka mikono yangu mwenyewe. Mimi nilifundishwa ushonaji na shangazi yangu Tanga, aliyekuwa akishona sare za shule, na sare ya shule haikatwi bila kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kwa sababu mtoto atakua na mzazi hatanunua nyingine. Kichwa changu kilikuwa kimekataa kumwachia jiwe nafasi. Mikono haikuulizwa, ikafanya ilivyozoea.

"Akiba," nikasema. "Ba, ni akiba!"

"Akiba haiozi," akasema Ba, na kwa mara moja Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha mtu wa Tanga.

Nikapima. Ukifungua mishono yote miwili ya ubavuni mpaka ukingoni, uwazi utafungika, bila kubaki hata uzi. Hariri iliyoshonwa ukingoni hufumuka. Kamba ikivutwa inaweza kuchanika kuanzia kwapani hadi kiunoni, na ikichanika haina dawa. Tena matundu ya sindano ya zamani yangeonekana. Nilimweleza mwenyekiti hivyo hivyo, sikuficha. Akatazama saa, akatupa mpaka alasiri. Baada ya hapo pandit angefunga chumba na kuanza dua zake, na nguo ingejaribiwa kesho tu, na yeye mwenyewe, nyuma ya pazia.

Mume wangu alikuwa nje ndani ya gari. Sikuwa nimemwomba aje. Alitufungulia mlango, akamkalisha Ba mbele, akaendesha mpaka nyumbani bila kuuliza lolote, kisha akawachukua watoto akaondoka nao.

Nikafumua kwa kiwembe, nikashona upya ukingoni kwa mshono mdogo kuliko wote wa cherehani yangu. Nikaipiga pasi. Matundu yalionekana, safu mbili za nukta kama njia ya siafu. Nikatoa zari iliyobaki nikasema nitaibandika juu.

"Lete," akasema Ba.

"Ba, muda hatuna."

"Lete, dikri."

Dikri ni binti. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nikamtilia uzi, kwa vidole vikavu, nikamwekea kidole chake cha shahada kwenye nukta ya kwanza. Akaenda. Haoni, lakini ukucha wake ulisoma kila tundu, na sindano ikaingia palepale ilipokuwa imeingia ya kwanza, ikishika zari, hariri na bitana kwa pamoja, mshono wa kurudi nyuma, ule wa zamani ambao cherehani haiwezi. Aliufanya huku midomo yake inasoma ubeti, bila sauti. Nilikaa nikitazama tu. Hakuna pindo lililopanda wala kushuka. Nikaelewa kwamba kesho kamba ikivutwa, mshono wangu hautashika. Kama kuna kitakachoshika, ni wa kwake.

Tulifika hekaluni chumba kimekwisha fungwa. Mwenyekiti akapokea nguo mlangoni, akaiweka juu ya pakiti.

Kesho yake nilikwenda. Nilisema sitainama, na sikuinama. Niliketi nyuma, karibu na rafu ya viatu, na Ba akakataa kiti cha mbele alichowekewa, akaja kuketi nami sakafuni. Pazia lilikuwa limefungwa. Nyuma yake pandit alikuwa anamvisha, na mwenyekiti amesimama kando ya pazia, pakiti mkononi, akingoja kuitwa. Ba alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele. Najua alichokuwa anasikiliza, kwa sababu nami nilikuwa nasikiliza hichohicho. Hariri ikichanika ina sauti yake, na fundi huisikia hata sokoni.

Tulisikia kengele. Tulisikia kioo kikiletwa, kile anachowekewa mbele kitambaa cha macho kinapoondolewa, ili mtazamo wake wa kwanza usimwangukie mtu. Hatukusikia kingine.

Pazia likavutwa. Watu wote walisimama na kelele zikajaa, na mimi nikasimama pia kwa kuwa nilikuwa sioni. Alikuwa mwekundu na dhahabu. Macho yalikuwa wazi. Lakini mimi ni fundi, nikaangalia kwapani kwanza, kisha ubavuni, mahali nguo inapobana ndipo inapojikunja. Hapakuwa na kunjo hata moja. Zari ya Ba ilikuwa inashuka mbavuni imenyooka, na kifua kimeijaza nguo sawasawa, hakuna palipozidi wala palipopungua. Mwenyekiti alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, pakiti imebanwa chini ya kwapa.

Ba alinivuta mkono kutoka chini.

"Mimi naona nyekundu tu," akasema. "Sema. Nakaaje?"

Nilitafuta la kusema ambalo lingekuwa kweli kwangu na kweli kwake.

"Ba," nikamwambia, "anaonekana kama anapumua."

Nilisikia tu pembeni yangu, chini ya kelele zote zile, akishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu pazia lilipofungwa.